Mcheza Kwao Hutuzwa: Freddie Mercury na Tuzo Zake

Wahenga wetu wamenena: Mcheza kwao hutuzwa. Methali hii ni miongoni mwa zile tunazozitaja bila ya kuzipima, kwa kuwa zimekwisha kuwa kama chumvi ya mazungumzo. Lakini msomaji akiiweka katika mizani ataona kuwa imesimama juu ya nguzo tatu. Pana kucheza, yaani kazi yenyewe ya sanaa. Pana kwao, yaani pahala anapojulikana mchezaji na watu wanaomjua. Na pana kutuzwa, yaani kule kuambiwa kwa vitendo kuwa tumeona na tumeridhika.

Aliyewahi kukaa katika ukumbi wa taarab, iwe Unguja, Mombasa au Lamu, hahitaji kufafanuliwa nguzo hii ya tatu. Mwimbaji anapoufikia ubeti uliomchoma msikilizaji, msikilizaji huyo huinuka, akaenda kwa madaha mpaka mbele, akamtuza. Hapana kamati wala bahasha iliyofungwa, na hapana orodha ya walioteuliwa. Fedha hutoka mkononi mwa aliyeguswa zikaingia mkononi mwa aliyegusa, na wimbo ungali unaendelea. Neno letu la tuzo limetokana na kitenzi hicho hicho cha kutuza, na kwa hivyo limebeba ndani yake maana ya uso kwa uso: mtoaji yupo, mpokeaji yupo, na sauti ingali hewani.

Makala haya yanakusudia kuipima methali hiyo kwa maisha ya mtu mmoja aliyezaliwa hapa Unguja na akatuzwa kwengine. Ulimwengu unamjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Kiingereza iitwayo Queen. Orodha ya tuzo zake ni ndefu na imeandikwa mara nyingi. Lisilosemwa sana ni kuwa nyingi katika hizo zilimfikia akiwa hayupo, na kuwa nguzo ya pili ya methali yetu, ile ya kwao, ndiyo inayotutatiza zaidi tunapomsoma.

Kutoka Unguja hadi Feltham

Farrokh Bulsara alizaliwa katika hospitali ya serikali mjini Unguja tarehe 5 Septemba 1946, wakati visiwa hivi vikiwa chini ya himaya ya Waingereza. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Maparsi wenye asili ya Gujarat, wafuasi wa dini ya Zoroasta, na ukoo wao ulichukua jina la mji wa Bulsar ambao leo unaitwa Valsad. Baba alikuwa mtunza fedha katika utumishi wa serikali. Walikuwa watu wa jamii ndogo katika mji uliojaa jamii nyingi, na kwa hali hiyo hawakuwa na ugeni uliozidi wa wengineo.

Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi, mtoto alipelekwa skuli ya bweni huko Panchgani, India. Huko ndiko alikojifunza piano, akajiunga na bendi ya wanafunzi, na wenzake wakaanza kumwita Freddie. Alirejea Unguja akiwa kijana, lakini hakukaa sana. Yalipotokea Mapinduzi ya Januari 1964, familia ya Bulsara ilikuwa miongoni mwa familia zilizoondoka mwaka huo huo. Walihamia Feltham, magharibi ya London, katika nyumba ya kawaida iliyo karibu na njia ya ndege za Heathrow.

Yatosha kusema hapa kuwa kijana wa miaka kumi na saba aliyeshuka Uingereza alikuwa tayari amekwisha kuishi katika miji ya mabara mawili, na kuwa hapana hata mmoja kati ya hiyo aliokulia moja kwa moja. Alisomea sanaa ya michoro katika Chuo cha Ealing, akamaliza 1969. Mwaka 1970 aliungana na mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor, na mwaka uliofuata akaingia mpiga gitaa la besi John Deacon. Jina la Queen alilitoa yeye, nembo ya bendi aliichora yeye, na jina la Mercury alijipa mwenyewe. Tuzo zote alizokuja kupata ziliandikwa kwa jina hilo alilojichagulia, na si kwa lile alilopewa Unguja.

Tuzo za watunzi wenzake

Tuzo yake kubwa ya kwanza ilikuwa ya utunzi. Wimbo wa "Killer Queen", uliotoka 1974 na kufika nafasi ya pili katika chati ya Uingereza, ulimpatia mwaka 1975 tuzo ya Ivor Novello. Wapenzi wa ushairi na wazingatie jambo hili, kwani tuzo za Ivor Novello si za sura wala za mauzo ya tiketi. Hutolewa na jumuiya ya watunzi kwa watunzi, na anayeamua ni yule anayejua kwa nafsi yake ugumu wa kuupata mshororo uliotulia. Kwa kijana aliyefika nchini humo miaka kumi na moja tu kabla, hiyo ilikuwa hati ya kuingilia barazani.

Mwisho wa Oktoba 1975 ukatoka "Bohemian Rhapsody". Ni wimbo wa takriban dakika sita, usio na kiitikio, unaoanza kama ombolezo, ukageuka opera, kisha ukalipuka kuwa roki, na hatimaye ukazimika kwa upole. Sehemu ya opera waliirekodi watu watatu tu, May, Taylor na Mercury, wakizirudia sauti zao moja juu ya moja hadi zikawa kama umati. Ndani yake limo neno Bismillahi, ambalo mzaliwa wa Mji Mkongwe hakuhitaji kamusi kulijua. Wenye kuuza santuri waliona wimbo ni mrefu mno kwa redio, lakini ulikaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa. Mwaka 1976 watunzi wakamtuza tena Ivor Novello.

Oktoba 1977 chama cha makampuni ya santuri ya Uingereza kilifanya sherehe ya kuchagua kazi bora za miaka 25 iliyopita, kuanzia 1952. Sherehe hiyo ndiyo iliyokuja kuwa chimbuko la tuzo za BRIT. Katika wimbo bora wa Kiingereza wa kipindi hicho chote, "Bohemian Rhapsody" ilishika nafasi ya kwanza sawa na "A Whiter Shade of Pale" ya Procol Harum. Robo karne ya nyimbo za taifa zima ilipimwa, na nusu ya taji ikaangukia utungo wa mtu aliyezaliwa Unguja.

Hapa inatupasa kuwa waadilifu. Queen ilikuwa bendi ya watunzi wanne, na kila mmoja wao ameandika nyimbo zilizovuma ulimwenguni. "We Are the Champions" ni ya Mercury, ilhali "We Will Rock You" ni ya May. "Another One Bites the Dust" ni ya Deacon, na "Radio Ga Ga" ni ya Taylor. Sisi wa pwani twaujua vyema mgawanyo huu, kwani katika taarab aghalabu mtunzi wa shairi ni mmoja, mtia sauti ni mwengine, na mwimbaji ni wa tatu, lakini anayeonekana akituzwa ni yule aliyesimama mbele. Wanne hao walikuwa na migogoro yao juu ya nani aandikwe. Kuanzia albamu ya "The Miracle" ya mwaka 1989 wakakubaliana kuwa nyimbo zote ziandikwe kwa jina la Queen. Basi tunaposema tuzo za Freddie Mercury, tunasema pia tuzo za watu watatu wengine.

Aliyeteuliwa asipewe

Marekani mambo yalikwenda vyengine. Tuzo za Grammy, zinazotolewa na akademia ya warekodi wa nchi hiyo, ndizo zinazohesabiwa na wengi kuwa kilele cha muziki unaouzwa duniani. Katika sherehe za Februari 1977, Queen iliteuliwa mara mbili kwa "Bohemian Rhapsody": mara moja kwa uimbaji wa pop wa kikundi, na mara nyengine kwa upangaji wa sauti. Tuzo ya kwanza walipewa bendi ya Chicago kwa "If You Leave Me Now". Ya pili walipewa Starland Vocal Band kwa "Afternoon Delight". Leo msikilizaji yeyote anaweza kuziweka nyimbo hizo bega kwa bega na kuhukumu mwenyewe kama sikio la majaji lilikuwa zima siku ile.

Mwaka 1980 Queen ilifika nafasi ya kwanza ya chati ya Marekani mara mbili, kwanza kwa "Crazy Little Thing Called Love", utungo wa Mercury, kisha kwa "Another One Bites the Dust". Mwanzoni mwa 1981 wimbo huo wa pili ulichukua tuzo ya American Music Awards, ambayo hufuata maoni ya wasikilizaji wa kawaida. Katika Grammy za mwaka huo huo wimbo uliteuliwa tena, na tuzo ikaenda kwa Bob Seger na bendi yake. Wasikilizaji walitoa, akademia ikazuia. Freddie Mercury aliondoka duniani bila ya kushika hata Grammy moja ya mashindano.

Si haja yetu kulilia Grammy. Lakini tofauti ya tuzo hizo mbili za 1981 inatufundisha jambo. Kuteuliwa ni kusema: tumekuona. Kupewa ni kusema: wewe ni wetu. Akademia ilimwona Mercury mara kadhaa, lakini haikuwa tayari kumwita wake. Yeye naye baada ya ziara ya 1982 hakupanda tena jukwaa la tamasha nchini Marekani. Mapenzi baina yao yalipoa, na hayakuwaka tena ila baada ya kufa kwake.

Ikiwa pana siku ambayo alituzwa kwa maana yetu ya pwani, basi ilikuwa tarehe 13 Julai 1985, katika uwanja wa Wembley, London. Tamasha la Live Aid liliandaliwa kuchangia waliopatwa na njaa Ethiopia. Queen walipewa dakika ishirini hivi mchana wa jua, bila ya taa zao wala mitambo yao. Mercury aliucheza uwanja wa watu 72,000 kama mwimbaji wetu anavyocheza ukumbi wa watu mia mbili: alitoa sauti, akasubiri jibu, akatoa tena. Na fedha zilikuwa zikitoka mifukoni mwa watu wakati wimbo ukiendelea, japo hazikwenda kwake bali kwa wenye njaa. Hapakuwa na kikombe wala cheti. Hata hivyo, ukiwauliza waliokuwapo ni lini mtu yule alitawazwa, watakutajia siku hiyo kabla ya tuzo yoyote yenye jina.

Usiku wa Februari 1990

Tarehe 18 Februari 1990, katika ukumbi wa Dominion mjini London, Queen walipewa tuzo ya BRIT kwa mchango wao mkubwa katika muziki wa Uingereza. Wanne wote walipanda jukwaani. Mercury alikuwa amekonda, uso umemnyauka, na suti ya rangi ya samawati ikimpwaya. Brian May ndiye aliyetoa hotuba ya shukrani. Mtu ambaye miaka mitano nyuma aliushika uwanja mzima kwa sauti yake alisogea kwenye kipaza sauti mwishoni, akashukuru kwa maneno machache, akawatakia watu usiku mwema, akashuka. Hakupanda jukwaa tena mbele ya hadhira.

Yeye alijua jambo ambalo ukumbi haukulijua. Alikuwa na ugonjwa wa UKIMWI, na kwa miaka kadhaa aliificha siri hiyo isipokuwa kwa watu wake wa karibu. Katika zama zile magazeti ya nchi hiyo yaliwawinda wagonjwa kama wahalifu, na yeye alichagua kufanya kazi kuliko kujieleza. Baada ya usiku ule alirudi studio. Albamu ya "Innuendo" ikatoka Februari 1991, na aliendelea kurekodi kadiri nguvu zilivyomruhusu. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa tamko la kuuthibitisha ugonjwa wake. Jioni ya siku iliyofuata alifariki nyumbani kwake Kensington, akiwa na umri wa miaka 45.

Nadhani huu ndio wakati pekee ambapo tuzo yake ya heshima na yeye mwenyewe walikutana uso kwa uso. Watu walidhani wanaipongeza safari inayoendelea, ilhali mpongezwa alikuwa anaaga. Tukiisoma picha ya usiku ule leo, kimya chake kina uzito kuliko hotuba zote zilizotolewa.

Tuzo baada ya mauti

Kutoka hapo milango ikafunguka. Desemba 1991 "Bohemian Rhapsody" ilitolewa upya ikiwa pamoja na "These Are the Days of Our Lives", ikarudi nafasi ya kwanza Uingereza, na mapato yakapelekwa kwa taasisi ya Terrence Higgins inayosaidia wagonjwa wa UKIMWI. Mwezi Februari 1992 "These Are the Days of Our Lives" ikapewa BRIT ya wimbo bora wa Kiingereza, na Mercury mwenyewe akapewa tuzo ya mchango mkubwa kwa jina lake pekee. Miaka miwili kabla aliipokea heshima hiyo hiyo pamoja na wenzake, sasa walimpokelea.

Marekani nayo ikazinduka. Filamu ya vichekesho iitwayo "Wayne's World" iliufanya wimbo ule ule ulionyimwa Grammy upande hadi nafasi ya pili katika chati ya 1992, juu kuliko ulivyofika ulipokuwa mpya, na mwaka huo ukachukua tuzo ya MTV ya video bora iliyotokana na filamu. Mwaka 2001 Queen iliingizwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll. Mwaka 2002 wakapata nyota yao katika njia ya Hollywood. Mwaka 2003 wanne wote kwa pamoja wakaingizwa katika Jumba la Heshima la Watunzi wa Nyimbo. Mwaka 2004 "Bohemian Rhapsody" ikatiwa katika Jumba la Heshima la Grammy, na mwaka 2018 akademia ile ile ikawapa Queen tuzo ya mafanikio ya maisha. Ilikuwa imepita miaka 41 tangu uteuzi wa kwanza, na miaka 26 na ushei tangu sauti yenyewe inyamaze.

Uingereza nayo haikuchoka. Mwaka 1999 idara ya posta ilimtolea stempu. Mwaka 2002 wananchi waliposhirikishwa na BBC kuwachagua Waingereza mia moja wakubwa wa zama zote, jina lake lilikuwa la 58. Septemba 2016, alipotimia miaka sabini tangu kuzaliwa, kibao cha buluu cha kumbukumbu kilitundikwa katika ile nyumba ya Feltham, na dada yake Kashmira alikuwapo. Wakati huo huo wanajimu walilipa jina lake jiwe la angani lililogunduliwa 1991, mwaka aliofariki. Mwaka 2025 Queen wakapokea tuzo ya muziki ya Polar mjini Stockholm, Sweden.

Katika orodha hiyo yote pana kinaya kimoja kikubwa. Februari 2019 mwigizaji Rami Malek alipewa Oscar kwa kumwigiza Freddie Mercury katika filamu ya "Bohemian Rhapsody", ambayo kwa jumla ilichukua Oscar nne. Aliyeiga mwendo wake alipewa taji la juu kabisa la fani yake, ilhali mwenye mwendo hakupata taji la juu la fani yake alipokuwa akitembea. Sisemi haya kwa kumlaumu mwigizaji, ambaye alifanya kazi yake vizuri. Nayasema kwa kuwa yanaonyesha jinsi ilivyo rahisi kumtuza mtu kupitia kivuli chake.

Kuna pia tuzo ambazo mauti huzifunga kabisa. Nishani za ufalme wa Uingereza hawapewi waliokwisha kufa. Brian May alifanywa Sir mwaka 2023, na Roger Taylor alipewa OBE mwaka 2020. Kiongozi wa jukwaa lao hana nishani ya dola na hatapata. Hata kaburi linalojulikana hana: mwili wake ulichomwa moto baada ya ibada ya kizoroasta, na pahala yalipowekwa majivu yake pamebaki siri. Anayetaka kumwekea taji hajui aliweke wapi.

Na kwao?

Sasa turudi kwenye nguzo ya pili. Kwao ni wapi?

Kwa miaka mingi jina lake hapa Unguja lilikuwa zaidi katika vinywa vya wageni kuliko vya wenyeji. Mtalii angeuliza njiani Shangani, naye angeonyeshwa nyumba hii au ile. Yeye mwenyewe hakusaidia. Katika mahojiano alikuwa mchache wa kusimulia utoto wake, wala hakurudi kuimba hapa. Mwaka 2006, ilipopangwa sherehe ya pwani kwa kutimia miaka sitini tangu kuzaliwa kwake, jumuiya ya kidini iliipinga kwa sababu ya mwenendo wa maisha yake, na sherehe haikufanyika. Tarehe 24 Novemba 2019, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, jumba dogo la makumbusho lilifunguliwa Shangani kwa jina lake. Hiyo ndiyo heshima ya kudumu aliyoipata mjini alikozaliwa, na ilikuja miaka 28 baada ya kuondoka kwake.

Kuna watakaosema kuwa hatudaiwi kitu, kwani hakucheza kwetu. Hoja hiyo ina uzito. Methali haikusema mzaliwa hutuzwa, imesema mcheza. Hakuimba kwa Kiswahili, wala kwa mahadhi yetu, na hatuna haki ya kujivika sifa za kazi ambayo hatukuipalilia. Waliomtuza kwanza walikuwa watunzi wa London, na kwa kipimo cha methali London ndiko kwao, japo hakuzaliwa huko wala jina lake la asili halikuwa la huko. Kwao mtu ni pale anapoeleweka akicheza.

Hata hivyo, mfano wa pili kutoka kisiwa hiki hiki unazidi kutupa cha kufikiri. Mwaka 2005 Mzanzibari mwengine alituzwa kwenye ardhi ya Uingereza. Fatma binti Baraka, maarufu Bi Kidude, alipewa tuzo ya WOMEX huko Newcastle, akiwa bibi mkongwe aliyeimba na kupiga ngoma kwa miongo mingi. Yeye naye alichelewa kutambuliwa na ulimwengu. Lakini kuna tofauti baina yao: cheti cha Newcastle kilimkuta mtu aliyekwisha kutuzwa mara zisizohesabika na mikono ya watu wake, katika maharusi, katika unyago na katika kumbi za Unguja. Alikipokea akiwa hai, akarudi nacho nyumbani, akaendelea kuimba hadi karibu na kufa kwake Aprili 2013. Cheti hicho kilikuwa nyongeza tu. Hakikuwa kafara.

Basi tukiziweka tuzo za Freddie Mercury katika mafungu, tutayapata mawili. La kwanza ni lile alilopewa akiwa anaimba: Ivor Novello za 1975 na 1976, taji la nusu la 1977, kelele za Wembley 1985, na usiku mmoja mgumu wa 1990. Ni fungu dogo. La pili ni lile lililokuja baadaye: majumba ya heshima, nyota ya njiani, stempu, kibao, jiwe la angani, filamu, na makumbusho ya Shangani. Ni fungu kubwa na linaendelea kukua. La kwanza lilimfaa yeye. La pili linatufaa sisi tuliobaki, kwani kila aliyetoa tuzo baada ya 1991 alikuwa, kwa namna moja au nyengine, akilipa deni lake mwenyewe.

Visiwani humu wamo watunzi na waimbaji ambao leo wangali wanatembea kwa miguu yao. Baadhi yao hawatajulikana Stockholm wala Hollywood, na mashairi yao yamo katika madaftari yanayoliwa na mchwa. Kwao ni hapa, na hapana wa kumsingizia. Kwa ajili yao nafunga kwa ubeti huu:

Mwimbaji umpe tuzo, angali yu ukumbini,
Isiwe ni maliwazo, kwa walio msibani,
Maiti hana mawazo, ya sifa za duniani,
Mcheza kwao hutuzwa, na kwao ni mioyoni.